Maswali ya Wasomaji: Kujifunza Mapishi Kisumu, Kuanzia Sokoni

Tulipochapisha maelezo mafupi kuhusu akina mama wa Kisumu wanaowapeleka wageni sokoni na kisha kuwakaribisha nyumbani wapike pamoja, barua zilikuja kwa wingi kuliko tulivyotazamia. Tumechagua zile zinazouliza mambo tofauti, tukazifupisha ilipobidi, na waandishi wake tumewaacha bila majina kama wengi wao walivyoomba.

Assalaam aleykum. Mimi ni mwalimu mstaafu. Insha'Allah mwezi wa Agosti mimi na mume wangu tunakwenda Kisumu kumtembelea binti yetu aliyehamishiwa huko kikazi. Hatutaki kushinda hotelini. Tungependa kwenda sokoni na mwenyeji, tununue, kisha tukapike kwake vyakula vya huko. Tutampataje mtu wa kuaminika, twende siku gani, na je, chakula kitakuwa halali kwetu?
Mwalimu mstaafu, Mombasa

Waaleykum salaam, Mwalimu, na salamu zimfikie mzee. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa likishajibiwa mengine yatakuwa mepesi. Kisumu ni mji wa samaki, na samaki hahitaji kuchinjwa; mkiomba kufundishwa samaki, mboga na ugali mtakuwa mmejiondolea wasiwasi wote isipokuwa wa vyombo, nao huondolewa kwa kuuliza mapema kama sufuria za nyumba hiyo hupikiwa nguruwe. Mkitaka kuku wa kienyeji, na kwa kweli ni vigumu kufika magharibi ya Kenya bila kumwonja, mwambieni mwenyeji mapema ili atafute Muislamu wa kumchinja. Halitakuwa jambo geni kwake, kwa sababu katika hafla za watu mchanganyiko nchini Kenya imekuwa desturi tangu zamani kumwita Muislamu ashike kisu ili kila aliyealikwa ale kwa amani. Mkipata nafasi ya kufika Mumias mtakuta Waislamu wa vizazi vingi, kwa kuwa dini ilifikishwa huko na wafanyabiashara wa kutoka kwenu pwani katika karne ya 19, chini ya ulinzi wa watawala wa Wanga waliojulikana kwa cheo cha Nabongo, na hapo hamtahitaji hata kuuliza.

Kuhusu mtu wa kuaminika, binti yenu ni njia bora kuliko tangazo lolote. Mwambieni aulize kazini kwake ni mama gani anayesifiwa kwa upishi na asiyechoka na maswali, kwa maana wapo wapishi hodari wasioweza kufundisha, wanaomaliza kila kitu wenyewe huku mgeni amesimama na kitambaa mkononi. Kama mtapitia kwa mwongoza watalii au kampuni, ulizeni kama wana leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, ambayo huwasajili chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Mama anayewafungulia jiko lake kwa siku moja si mwongoza watalii, na sioni haja ya kumhoji kana kwamba yuko mbele ya afisa. Mwulizeni tu kama nyumba ni yake mwenyewe, kama atakwenda nanyi sokoni yeye badala ya kumtuma mtu, na kama yuko tayari kubadilisha mapishi baada ya kuona kilichopo sokoni.

Swali hilo la tatu ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote. Wako wanaowatumia wageni orodha ya vyakula wiki mbili kabla, na sahani zimeshapangwa kichwani; siku ikifika, kutembea sokoni huwa ni matembezi tu, kwa sababu hakuna kinachoamuliwa pale. Mpishi wa Kisumu hapiki hivyo kwa familia yake. Hutoka nyumbani akijua kwamba atapika mboga na samaki, lakini ni mboga gani na samaki gani, hilo husemwa na kile kilichoshushwa asubuhi hiyo. Akikuta mnavu umekomaa na kuota maua ataupita na kuchukua kunde. Akikuta ngege (sato) wamelegea atageukia omena, wale dagaa wa ziwani. Mkimwona akibadilisha mawazo mbele ya meza ya muuzaji, na akawaeleza kwa nini, mmekwisha kuanza kufundishwa, hata kama moto bado haujawashwa.

Sasa siku. Soko la Kibuye, lililo kando ya barabara kuu inayoelekea Kakamega, hufunguliwa kila siku, lakini Jumapili ndiyo siku yake kubwa, ambapo wauzaji wa kutoka mbali huongezeka na nguo za mitumba, samani, vyungu na nafaka hufurika hadi nje. Inavutia sana, ila kwa watu wa umri wetu msongamano huchosha, na tena waumini wengi huwa kanisani asubuhi hiyo. Jumamosi nayo ina mambo yake: Waadventista wa Sabato ni wengi Nyanza na Kisii, nao hawafanyi kazi tangu jua la Ijumaa linapotua hadi jua la Jumamosi linapotua. (Mwenyeji wa madhehebu hayo pia hatawapikia mumi (kambare) wala kamongo (kambare-mamba), kwa sababu hawali samaki wanaohesabiwa kuwa hawana magamba, kwa hiyo mkiwa na hamu ya kamongo tafuteni kwingine.) Kwa ushauri wangu, chagueni siku ya kati ya wiki, mfike saa mbili asubuhi, na kama Kibuye itawaelemea kuna soko la Jubilee katikati ya mji, ambalo lina paa na si kubwa mno kwa mtu anayetembea polepole.

Mkiweza kuamka mapema zaidi, ombeni kuanzia ufuo wa Dunga, kusini kidogo mwa mji, ambako boti hutua asubuhi. Omena huvuliwa usiku kwa taa zinazowavuta juu ya maji, na kunapokucha wanawake huwatandaza juu ya nyavu ili wakauke juani. Agosti ni mwezi mzuri kwa hilo. Serikali hufunga uvuvi wa omena kila mwaka ili wazaane, kwa kawaida kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, kwa hiyo mtafika wakati wavuvi wamerudi ziwani. Tazameni boti kutoka nchi kavu bila kukanyaga majini, kwa sababu kichocho kipo katika Ziwa Viktoria.

Jambo la mwisho, Mwalimu, ambalo wageni wengi hulikosa. Mboga chungu za huku hazikamiliki kwa siku moja. Mnavu, ambao Wajaluo huuita osuga, na mgagani, ambao wao huuita dek, huchambuliwa, huoshwa, huchemshwa, kisha hutiwa maziwa na kuachwa katika chungu cha udongo; kesho yake hupashwa moto na kuongezwa maziwa tena, na hivyo hivyo hadi uchungu upungue na majani yalainike. Mgeni wa siku moja huonja hatua ya kwanza akadhani ndiyo mboga yenyewe, akarudi kwao akisema watu wa ziwani hula shubiri. Mwombeni mwenyeji aanze chungu kimoja siku moja au mbili kabla ya kufika kwenu. Hapo mtapika cha kwenu kuanzia mwanzo na kula cha kwake kilichoiva, na tofauti ya vyungu hivyo viwili itawafunza mambo ambayo hata mpishi mwenyewe huenda asiweze kuyaeleza kwa maneno.

Nimekulia Nakuru na sokoni si mgeni. Mchumba wangu anataka tulipie matembezi ya soko na mapishi tukiwa Kisumu mwezi ujao. Mimi naona ni kupoteza pesa: kwa nini nimlipe mtu anipeleke mahali ambapo mlango uko wazi kwa kila mtu?
Kijana wa Nakuru

Ndugu yangu, kama una shangazi Kisumu, usilipe. Mpelekee sukari na majani ya chai, mfuate sokoni, na umbebee kikapu. Kama huna, sikiliza kwanza pesa hiyo inanunua nini.

Wewe unalijua soko la Wakulima pale kwenu. Unajua kiazi cha Molo kwa kukishika tu, na ukiona gunia limeshonewa kilemba cha lumbesa, yaani limejazwa kupita kipimo, hakuna atakayekueleza kwamba mkulima ameumizwa. Ujuzi huo ulikuja kwa miaka ya kutumwa na mama. Ukifika mbele ya meza za samaki Kibuye hutakuwa nao, na muuzaji atalitambua hilo kabla hujafungua kinywa.

Chukua ngege. Mezani wanaweza kulala pamoja ngege waliovuliwa ziwani usiku, ngege waliofugwa katika vizimba vinavyoelea ndani ya ziwa hilohilo, na ngege waliogandishwa ambao wamesafiri kutoka China. Wa vizimba si wabaya, na watu wengi hawawezi kumtofautisha na wa kuvuliwa akishaiva, lakini bei isiwe moja, na aliyegandishwa kisha akayeyushwa hafai hata kidogo kwa mchuzi mwepesi wa nyanya, kwa kuwa nyama yake hufumuka. Mwenyeji atakuonyesha namna ya kufunua shavu ili uone kama matamvua bado ni mekundu, kubonyeza mgongo ili uone kama nyama inarudi, na kutazama jicho kama ni angavu na limetuna au limezama na kufanya ukungu. Atakueleza pia kwamba yule tunayemwita ngege leo kwa kawaida ni sato wa Mto Naili aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, na kwamba ngege wa asili ambaye wazee walimla sasa ni adimu.

Karibu na hapo utaona mifupa mirefu ya samaki yenye kichwa na mkia, imekaangwa hadi ikawa ya rangi ya dhahabu. Huo ni mgongo wazi. Mbuta (sangara), samaki mwingine aliyeletwa kutoka nje katika miaka hiyohiyo, aliwamaliza samaki wadogo wengi wa asili, kisha akawa bidhaa ya kuuzwa ng'ambo; viwanda huchukua minofu, na kinachobaki hurudi mtaani kwa mama anayekikaanga na kukiuza kwa wasioweza kumnunua samaki mzima. Ukimla mgongo wazi huku unaelezwa hayo, umeielewa biashara ya ziwa vizuri kuliko kwa kusoma makala ndefu, na ladha yake, hasa nyama iliyoshikilia kwenye shingo, haina haya mbele ya mnofu wowote.

Halafu kuna vipimo. Omena na nafaka hupimwa kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili, na gorogoro iliyobonyezwa kitako haikujazi unga uliolipia. Omena nao wako wa kuliwa na watu na wako wa kusagwa kuwa chakula cha kuku. Wa watu hung'aa kama fedha, wamekauka sawasawa, na ukiwasugua kiganjani hawaachi mchanga mwingi. Mwenyeji ana kasitoma wake wa miaka mingi, naye ataongezewa konzi moja au mbili za nyongeza bila kuomba, jambo ambalo wewe hata ukibishana hadi saa sita hutalipata. Kama baada ya haya bado unaona hakuna cha kulipia, basi nenda peke yako, lakini mwache mchumba wako aende na mama, na jioni mlinganishe sahani zenu.

Mimi ni mama mwenye watoto wakubwa, naishi Shinyalu. Vijana wa hapa huwaleta wageni kuuona msitu wa Kakamega, na baadhi ya wageni hao wameniomba niwafundishe kupika tsisaka (mgagani) na ingokho (kuku). Majirani wananiambia ni aibu kumtoza mgeni chakula. Je, nikatae? Nikikubali, nitoze vipi, na nahitaji kibali gani?
Mama wa Shinyalu

Mama, usikatae. Majirani wako wanatetea jambo jema, kwamba mgeni anayebisha hodi hapewi bili, na hilo liendelee hivyo. Lakini huyu hakubisha hodi kwa njaa. Amekuomba siku yako, ujuzi wako na jiko lako, na mtu anayemlipa fundi wa baiskeli hana sababu ya kumwonea haya fundi wa chungu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe unampa mwiko siku ya kwanza, na ameuomba mwenyewe.

Ukipanga bei, usihesabu kuku na mboga tu. Hesabu asubuhi uliyoiacha shamba, kuni au makaa, maji, nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi sokoni, binti anayekusaidia kuosha vyombo, na kijana aliyekuletea wageni, ambaye naye ni lazima mkubaliane mapema anachukua nini ili asije akajikatia mwenyewe mbele ya wageni. Omba pesa za manunuzi zitumwe kwa M-Pesa siku moja kabla, kwa sababu wapo wanaothibitisha usiku na kupotea asubuhi, nawe umekwisha kumfunga jogoo miguu. Wageni wasizidi wale wanaoweza kulizunguka jiko lako bila kusukumana. Ukiwa na kumi, wanane kati yao watakuwa watazamaji, na watazamaji hawarudi wala hawawatumi wengine.

Kuhusu vibali, nenda ofisi ya afya ya umma na ile ya utalii ya kaunti yenu, uwaeleze kwamba unapokea wageni wachache nyumbani kwa malipo, na wakuambie wanachodai kwa kiwango chako. Cheti cha afya cha wanaoshughulikia chakula kipate mapema hata kabla hujaulizwa; hupatikana baada ya vipimo na hufanywa upya kila baada ya miezi sita, na mgeni akikiona ukutani hula akiwa ametulia.

Sasa, mafunzo yenyewe. Unaishi katika nchi ya Waisukha, na sijui kama majirani wanaokucheka wanafahamu kwamba jamii yao ilikuwa miongoni mwa zile ambazo Kenya ilianza nazo, mwaka 2007, kazi ya kuorodhesha na kurudisha vyakula vya asili kwa msaada wa UNESCO, na kwamba mwaka 2021 shirika hilo liliiingiza kazi hiyo katika rejista yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Kwa hiyo usimpikie mgeni pilau ili uonekane wa kisasa. Mwonyeshe munyu. Mwache akusanye maganda makavu ya maharagwe, ayachome hadi yawe majivu, ayatie katika chombo chenye matundu chini, amimine maji taratibu, na akinge yale maji ya rangi ya chai yanayodondoka. Kisha apike mrenda pamoja na likhuvi kwa maji hayo, aone jinsi majani ya kunde yanavyolainika upesi bila kupoteza ukijani wake, na jinsi mrenda unavyovutika. Ukiwa na muda, mpike sufuria nyingine ndogo bila munyu, ili aelewe kwamba yale maji yanafanya kazi ambayo chumvi ya dukani haiifanyi. Magadi ya sokoni hufanya kazi hiyohiyo, na si vibaya kuyatumia siku ya mvua.

Kuku naye ana mafunzo yake. Akishanyonyolewa mbabue juu ya moto wa kuni hadi vinyoya vidogo viishe na ngozi ipate harufu ya moshi. Wageni wengi hudhani ladha ile hutoka kwenye viungo, na huwa hakuna kiungo kilichotiwa. Mchemshe polepole hadi alainike, utoe mchuzi wa kutosha kwa ajili ya obusuma (ugali) wa wimbi, na kitunguu kije mwishoni. Firigisi ikifika mezani, waeleze ni ya nani na kwa nini, na usiwafiche kwamba zamani mwanamke wa Kiluhya alimpika kuku asimle. Wataliuliza hilo hata hivyo, na ni afadhali walisikie kutoka kwako, ukiwa umeshika paja, kuliko kutoka kwa kijana wa matembezi.

Kitu kimoja zaidi: usilifiche jiko la mafiga ukawapeleka wageni kwenye gesi kwa kuona haya. Waulize tu mapema kama yupo mwenye pumu, na huyo umweke karibu na mlango.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, natoka Mwanza. Sato, sangara na dagaa nimevila tangu utotoni. Nikivuka kuja Kisumu kujifunza mapishi, kuna kipya kweli?
Mwanafunzi, Mwanza

Kwa upande wa samaki, si kikubwa sana, na nisingependa utumie nauli kuja kufundishwa kuosha dagaa. Mwambie mwenyeji waziwazi kwamba samaki unawajua, na uombe siku nzima ya mboga za majani na nyama kavu. Uliza aliya, nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande virefu na kuanikwa, ambayo hulowekwa na kupikwa taratibu, nayo ina ladha nzito ambayo nyama mbichi haiwezi kuifikia. Uliza mboga za mitoo na apoth (mrenda), na namna mpishi anavyochanganya majani machungu na matamu katika chungu kimoja kwa kipimo cha mkono, kwa kuwa huko ndiko ustadi wa wapishi wa Nyanza ulikojificha.

Na kwa kuwa unakuja kwa barabara ya Sirari na Isebania, utapita Migori na Kisii kabla ya kufika Kisumu. Usilale usingizi ndani ya basi. Teremka Kisii, utembee katika soko la Daraja Mbili, uone marundo ya ndizi na ya chinsaga, ambayo ni mgagani uleule, na umtafute mtu wa kukufundisha kusonga ugali wa wimbi. Unga wa wimbi haunyonyi maji kama wa mahindi. Mpishi wa kule huutia kwa awamu na kuukandamiza kwa mwiko pembeni mwa sufuria kwa nguvu ambayo itakuuma mabegani siku ya pili. Ukiusonga ukatoka laini, usio na madonge, na usiong'ang'ania vidoleni, umejifunza kitu cha kumwonyesha mama yako Mwanza.

Je, ni sawa kupiga picha sokoni wakati wa matembezi haya? Rafiki yangu alifukuzwa.
Msomaji, Thika

Piga picha ya nyanya baada ya kuzinunua, na ya muuzaji baada ya kumwomba. Aliyesimama mbali na kuelekeza simu kwa watu wanaofanya biashara hufukuzwa kila mahali, na ni haki. Ukiwa na mwenyeji, mwache aombe yeye kwa lugha ya pale, na akikataliwa usianze kutoa pesa, kwa sababu utakuwa umemharibia sehemu yake ya kununulia. Nyumbani pia uliza, hasa kama watoto wako karibu. Kuwa umelipia mafunzo hakukupi ruhusa ya kuiweka sebule ya watu mtandaoni.

Baada ya siku ya sokoni na jikoni tutarudi Nairobi kwa basi la usiku. Ni vitu gani vinafaa kubebwa, na ni vipi tuviache?
Mama na binti, Nairobi

Beba omena waliokauka vizuri, wimbi ambao haujasagwa, mtama, na chungu kimoja cha udongo kama mna mahali pa kukipakata, kwa maana kikiwekwa chini ya basi kitafika kikiwa vipande. Kabla ya kukiweka motoni kiloweke maji usiku kucha, na siku za mwanzo kipikie kwa moto mdogo. Mboga mbichi za majani hazistahimili safari ya usiku. Mkizitaka sana, mwombeni mwenyeji awauzie kunde zilizochemshwa na kuanikwa, ambazo hukaa kwa miezi. Njooni na vikapu vyenu, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na mifuko laini inayouzwa sokoni haistahimili uzito wa gorogoro mbili za omena.

Samaki wa kukaanga husafiri vizuri akiachwa apoe kabisa kabla ya kufungwa kwa karatasi, kwani akifungwa wa moto hutoa jasho na kuharibika kabla hamjafika Nakuru. Kamongo aliyekaushwa kwa moshi naye husafiri salama na anaweza kukaa siku nyingi, lakini mwombeni kondakta amweke kwenye buti tangu mwanzo. Abiria wa viti vya jirani wakimnusa karibu na Kericho, mtatafutana na mzigo wenu kando ya barabara.